Dume Lililoshindwa na Mkia

"Wewe chagua moja," Bwana Miwani alisema, fimbo yake ikielekea madume mawili ya kondoo yaliyofungwa kwenye ua. "Ile ingine mimi nauza kwa bucha. Leo leo."

Makori alikuwa amevua kofia na kuishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, kama ilivyotakiwa mbele ya Mzungu, ingawa manyunyu yalikuwa yakianguka na kipara chake hakikuwa na mtetezi mwingine. Bwana alikuwa ndani ya koti la mvua. Wachumaji wa chai waliokuwa wakienda kazini walipunguza mwendo, kila mmoja akijifanya anarekebisha kikapu mgongoni. Habari za kondoo wa Makori zilikuwa zimefika hadi soko la Chepilat, na hakuna aliyetaka kusimuliwa kesho jambo ambalo angeliona leo kwa macho yake.

Kondoo wenyewe, majike watupu, walikuwa mali yake halali. Mzungu aliyekuwa na shamba lile zamani alifilisika mwaka wa nzige, na siku ya kufunga mizigo hakuwa na mshahara wa kumpa mtu, basi akampa Makori kondoo wachanga ambao hawajazaa. Walikuwa machotara: mama zao merino, kondoo wa Kizungu wa sufu, baba yao dume la Wakipsigis lenye mkia mpana wa mafuta. Bwana Miwani alipolinunua shamba aliwakuta wakila majani ya mlima wa juu, na mlima ule yeye aliutaka kwa chai.

"Sikia," alisema sasa. "Kondoo yako nazaa watoto mzuri, watoto ya manyoya mingi, mimi nanunua dume zote, na wewe nakaa hapa nachunga. Hapana zaa, ama nazaa takataka, basi. Mvua kubwa nakuja, mimi napanda chai, na wewe nakwenda kwenu Kisii na watu yako yote."

Kwenu Kisii! Makori aliinamisha kichwa. Kule kwao shamba la baba yake lilikwisha gawanywa yeye akiwa huku ugenini, kipande chake kililimwa na ndugu yake mwenye wana wengi, na nyumba aliyoijenga alipooa ilikuwa sasa inalala mbuzi. Alikuwa na mke, mwana aliyekwisha tahiriwa, na mama mzee asiyeweza kupanda kilima bila kushikwa mkono. Mlima ule wa nyasi ndio uliokuwa kwao.

Akayaendea madume. Merino alikuwa na pembe zilizojikunja na ngozi ya shingo iliyolala mikunjo mikunjo, akasimama kwa madaha kama askofu siku ya kipaimara. Wachumaji walimpenda papo hapo. Lakini Makori alipoinua mguu wake wa mbele na kuusogeza puani, alisikia harufu ya ukwato unaooza. Nchi ile mvua hunyesha karibu kila alasiri, na merino hazaliwi kwa ajili ya matope. Yule wa pili alikuwa romni, kondoo wa nyanda za maji za Uingereza, mnene, hana pembe, uso mweupe wa kipumbavu, sufu nzito hadi magotini. Alisimama kwenye tope lile lile na kwato zake zilikuwa ngumu na safi.

"Chukua ile nyekundu ya Wakipsigis, Makori!" sauti ilipazwa kutoka kwa watazamaji. "Hiyo inajua desturi ya hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Alikuwa Ojwang, fundi wa mashine kiwandani, Mjaluo wa kando ya ziwa na jirani wa Makori wa ukuta kwa ukuta, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo. Makori hakugeuka, ila masikio yalimchoma. Dume jekundu la kienyeji, ambalo hata halikuwepo pale uani, lingezaa wana wekundu wenye nywele kama mbuzi, na Bwana angewaita takataka.

"Huyu, Bwana. Huyu hana pembe."

"Umekwisha fikiri?"

"Nimekwisha."

"Kama umekosa, hapana lia kwangu," Bwana Miwani alisema, akaenda zake. Makori akavaa kofia yake iliyolowa. Tangu siku hiyo, Ojwang alipomsalimu, alijibu kwa kukohoa.

*

Alichagua vizuri, na alijua hivyo, na kwa wiki nyingi alitembea kama mtu mwenye barua nzuri mfukoni. Merino aliliwa na watu wa sokoni. Romni alipanda mlimani na majike, na mvua za Julai na Agosti hazikumfanya hata achechemee. Makori mwenyewe alikuwa akikamua ng'ombe wa Bwana mchana kutwa, hivyo kondoo waliongozwa na mwanawe Joab, kijana mrefu mwenye maneno machache na mkono mwema kwa wanyama.

Jioni Joab akirudi, baba humwuliza kama kondoo ni wazima. Joab hujibu kwamba ni wazima. Baba huuliza kama wanakula. Wanakula. Mazungumzo yalifika hapo yakasimama kama gari lililofika mtoni, kwa sababu mbele ya hapo palikuwa na ensoni.

Ensoni kwa Wakisii ni ile haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto wake akishakuwa mtu mzima. Baba haingii nyumba ya mwanawe, mwana hakalii kitanda cha baba yake, na mambo ya dume na jike hayatajwi kati yao hata yawe ya kuku. Jogoo akianza uhuni wake uani wakiwepo wote wawili, mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya nyumba. Mama na mwanawe ni vivyo hivyo. Bibi na mjukuu ndio hawana haya. Hao hutaniana hadi machozi, bibi akimwita mjukuu mume wangu, naye mjukuu akimwuliza mahari yake atalipwa lini.

Kwa hiyo Makori alilitia dume kundini, akageuza uso kama baba mwenye heshima, na hakutazama tena. Kosa lake lilikuwa hilo, na ni kosa ambalo Mjaluo hangelifanya, wala Mkipsigis, wala Mzungu.

*

Mwezi wa Oktoba Ojwang alifika bandani Makori akikamua, akasimama mlangoni akifuta grisi vidoleni kwa kitambaa kichafu kuliko vidole.

"Ndugu yangu, nimetumwa."

Makori alikohoa.

"Kohoa tu, lakini sikiza. Nimetumwa na mtu ambaye siwezi kutaja. Ni mtu mwenye meno mawili. Jana alikuja kwangu kuomba moto, na mimi naona moshi yenu inatoka kwa paa vizuri kabisa."

"Mama yangu?"

"Mimi sikusema mama. Amesema hivi: dume yako imeshindwa na mkia."

Maziwa yaliacha kulia ndooni.

"Mkia gani?"

"Wa hao wasichana zako! Makori, hiyo dume kwao ni ng'ambo, kondoo za huko mkia yao ni kama kamba. Hapa imekuta mkia kama sahani imefunika kila kitu. Inapanda, inateleza, inashuka, inakula majani. Siku nyingine inajaribu tena. Dume ya hapa hugonga huo mkia na kifua ikaenda pembeni, imefundishwa na baba yake. Hii yako haijui. Tangu Julai haijafaulu hata siku moja."

"Nani ameona?"

"Anayeshinda nao mlimani."

Makori akabaki ameketi juu ya kigoda, mikono mitupu kwenye magoti. Aliiona njia yote ambayo neno lile lilipitia. Joab alikuwa ameona tangu siku za kwanza. Asingeweza kumwambia baba, wala mama. Alikaa nalo wiki baada ya wiki, akijibu kila jioni kwamba kondoo ni wazima, akijua kwamba nyumba inabomoka na yeye mdomo wake umefungwa kwa adabu. Mwisho alimwambia bibi yake, pengine kwa utani. Na bibi, naye akiwa na haya yake kwa mwanawe, alijikongoja hadi kwa Mjaluo kuomba moto asiouhitaji.

Ile haya aliyoisikia Makori haikuwa ya kondoo. Alimwonea mwanawe huruma.

"Nyinyi watu mna taabu," Ojwang alisema, lakini kwa upole. "Kwetu kijana angesema tu, baba, dume imeshindwa, tufanye nini?"

"Kwenu ni kwenu."

"Ni kweli. Kwetu ni kwetu."

*

Marcella, mkewe, alisikiliza habari yote huku akisonga ugali, wala hakucheka, jambo lililomfanya Makori amshukuru kimoyomoyo.

"Nitakwenda Chepilat kesho," Makori alisema. "Nitaomba dume jekundu kwa Mkipsigis yeyote. Angalau wazae."

"Wazae nini?"

"Wana."

"Wekundu." Marcella aliupiga ugali mwiko wa mwisho. "Baba Joab, ukileta dume jekundu tutapata nyama, lakini pa kulala hatutapata. Mzungu alitaka manyoya. Hiyo dume yako ulichagua vizuri, mimi nasema hivyo na nitasema mbele ya mtu yeyote. Haina kosa ila ugeni. Mtu mgeni si anashikwa mkono akaonyeshwa mlango?"

"Nani atamwonyesha?"

"Mmoja anashika kondoo kichwa. Mwingine anainua mkia. Ni watu wawili tu."

Watu wawili tu! Makori aliwahesabu watu wa nyumba yake. Joab hawezekani. Mama yake hawezekani, hata angekuwa na nguvu. Marcella mwenyewe alisema yuko tayari, lakini zizi lilikuwa wazi kando ya njia, na mume na mke kusimama pale katika shughuli ya namna ile, tena watu wa Sabato, kungewapa wachumaji hadithi ya mwaka mzima. Alibaki mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akijibiwa kwa kikohozi tangu Julai.

Alikwenda kwake kabla ya chakula kupoa. Ojwang alikuwa amekaa mlangoni na sahani ya samaki wakavu.

"Ojwang, nimekuja kuomba."

"Moto?"

"Nilikukasirikia bure. Ulisema neno la kweli kwa mzaha, nami nikalisikia kama matusi. Naomba unisaidie."

Fundi yule aliweka sahani chini. Alikuwa na mzaha mwingine tayari, ulionekana ukimchezea mdomoni, ila alimtazama Makori usoni akaumeza pamoja na samaki.

"Nikitoka kiwandani jioni niko wako. Lakini Jumapili mimi naenda misa."

"Na mimi Jumamosi sigusi kazi."

"Basi hizo siku mbili kondoo watapumzika kama Wakristo."

*

Ikawa hivyo. Kila jioni Joab alileta kundi mapema, akalifungia zizini, kisha akachukua debe kwenda mtoni. Hakuna kijana aliyepata kuchota maji kwa bidii kama Joab msimu ule. Hata mapipa ya majirani yalijaa. Filimbi ya kiwanda ikilia, Ojwang alifika na grisi yake. Walimwacha dume anuse mpaka aonyeshe ni nani aliye tayari, Ojwang akamshika jike shingoni, na Makori akainua mkia kwa mikono miwili, uso ameuelekeza mbinguni kama anayesubiri kubatizwa.

"Inua zaidi!" Ojwang alipiga kelele.

"Nimeinua!"

"Mzee, tazama unachofanya, hapo hakuna mkwe wako!"

Wachumaji walisimama uani kutazama. Wanawake walijifunika vinywa kwa leso, vijana hawakujifunika. Kabla ya Krismasi Makori alikuwa na jina jipya, Mzee Mkia, na aliitwa hivyo hata dukani akinunua chumvi. Kanisani Kebaso, mzee mwenzake wa kanisa, alimvuta pembeni baada ya ibada na kumwuliza kwa sauti ya chini kama yale yasemwayo ni kweli.

"Ni kweli," Makori alisema.

"Wewe, kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu. Mungu alinipa hii miwili tu."

Wakaagana. Ilimuuma Makori, asikudanganye mtu. Alikuwa mtu wa kujiheshimu, shati lake la Sabato lilipigwa pasi hata mikono. Lakini kila alipopanda kitanda alilitaja jina la Ojwang katika sala, Mkatoliki yule, kwa majina yake yote, na wala hakumwomba Mungu ambadilishe.

*

Mwezi wa Februari watu wa vigingi walianza chini ya mlima. Walivuta kamba, wakapiga kigingi mahali pa kila mche wa chai, mstari juu ya mstari, na kila wiki mistari ilisogea karibu na zizi. Bwana Miwani alikuja juu ya farasi, akamgusa jike mmoja tumboni kwa ncha ya fimbo.

"Hii nashiba majani tu."

"Ni mimba, Bwana."

"Tutaona. Mvua nakuja karibu."

Kofia ikavuliwa, ikavaliwa. Usiku wala mchana Makori hakuwa na raha, kwa maana wengine walionekana wamejaa na wengine ungeapa ni majani kweli.

Mvua kubwa ilianza Machi asubuhi moja, na asubuhi ile ile jike wa kwanza akalala chini akaanza kusukuma. Kilikuja kichwa, kikakwama. Romni ana kichwa kikubwa, na majike wale walikuwa wadogo, ndio uzazi wao wa kwanza. Makori alisimama mvuani asijue la kufanya na mikono yake. Marcella alimsukuma kando, akapiga magoti kwenye tope, akapaka mkono mafuta ya ng'ombe, na mama yake Makori, bibi Nyambeki, akaketishwa kwenye gunia kumtuliza mnyama kichwani, akimwimbia wimbo wanaoimbiwa wake wanaojifungua.

"Usivute," bibi alisema. "Ngoja asukume. Sasa!"

Kikatoka kitu kirefu, cheupe, kimelowa, kikaanguka kwenye nyasi. Marcella akakisafisha pua kwa vidole, akakisugua mbavu kwa majani makavu. Kikapiga chafya. Makori aliyesimama bila kofia mbele ya Wazungu miaka yote, akiivua kwa lazima tu, aliivua sasa kwa hiari yake, akalia machozi wazi wazi mbele ya mke na mama.

Walizaa siku ile, na zilizofuata, karibu wote. Wawili tu hawakuwa na kitu. Bwana Miwani alipopanda mlima na genge la majembe nyuma yake, aliwakuta wanakondoo wamesimama kwa miguu yao mirefu, wote weupe, sufu imejikunja mgongoni kama povu la sabuni. Alishuka farasini. Alimshika mmoja, akafungua manyoya kwa vidole gumba, akatazama, akashika mwingine.

"Hii mzuri," alisema. Kisha akasema tena, kama hajaamini. "Hii mzuri sana."

Akawageukia watu wa majembe na kuwaonyesha bonde la ng'ambo. "Huko. Hapa basi." Hakutoa shukrani wala pole, akapanda farasi akaenda. Makori hakuhitaji. Watu wa majembe walipopita karibu naye mmoja wao alisema, "Hongera, Mzee Mkia," na kwa mara ya kwanza jina lile lilimkaa vizuri.

*

Alichinja jogoo, akampelekea Ojwang yeye mwenyewe, na mbele ya mlango akasema alichokuja kusema: kwamba asingekuwa na nyumba leo, kwamba ndugu wa tumbo moja hakumtendea hivyo, kwamba watoto wa Ojwang watakunywa maziwa kwake maadamu anakamua. Alisema yote bila kukohoa. Ojwang alifuta macho, akasingizia moshi.

"Kuna jambo jingine," Makori alisema. "Nina neno la kutuma. Kwa yule mtu wa meno mawili. Yeye atalifikisha kwa... kwa anayehusika."

"Neno gani?"

"La asante. Kwamba najua alichobeba peke yake tangu Julai. Kwamba..." Akashindwa.

Ojwang alitikisa kichwa. "Hapana, ndugu yangu. Neno la shida nilibeba, na nitabeba tena. Lakini hiyo peleka mwenyewe."

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Basi tafuta njia. Mimi fundi wa mashine, si wa Wakisii."

Makori alirudi nyumbani akiwaza. Aliwaza siku kadhaa. Hakuwa na namna ya kumwambia mwanawe, asante kwa kunijulisha jambo ambalo mimi na wewe hatukupata kulijua pamoja.

Jumapili akanoa kisu kidogo, akachemsha maji ya chumvi, akamwita Joab zizini. Wanakondoo wale lazima wakatwe mikia, alisema, wangali wachanga, wasije wakasumbua mtu kesho. Kukata mikia hakuna haya. Ni kazi kama kazi nyingine. Joab akaketi juu ya jiwe, akampakata wa kwanza, mgongo wake kifuani, miguu imeshikwa imara. Makori akaketi mbele yake, magoti yao yakigusana. Walikuwa hawajakaa karibu hivyo tangu Joab alipokuwa wa kubebwa.

Kisu kikapita. Makori akabana jeraha kwa majivu, akamtazama mwanawe machoni.

"Asante, Joab," alisema.

Kijana alishangaa. Kushika kondoo tu, nani hushukuriwa? Akamwachilia yule, akamchukua wa pili. Makori akakata, akapaka majivu.

"Asante, mwanangu."

Wa tatu vivyo hivyo, na wa nne. Joab alikuwa ameanza kutabasamu kwa baba yake aliyezeeka ghafla akawa na maneno ya kanisani, kisha tabasamu likamwishia, akaelewa. Hakuinua uso. Alimkumbatia mwanakondoo aliyekuwa naye muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kidevu chake kwenye manyoya.

"Asante," Makori alisema tena, na kwa kila mwanakondoo aliyeshikwa akamshukuru, hadi walipokwisha wote. Jua lilikuwa limepanda na mikono yao ilikuwa imejaa damu na majivu. Hakuna aliyebaki wa kukatwa, na bado wote wawili walikuwa hawajainuka.